Barafu ya Busara, ziwa la Nakuru, na swali la "joto liko wapi?"

1/ Kila mvua kubwa ya mawe ikipiga Nyahururu, Molo au Ol Kalou, huwa najua kitakachofuata kwenye simu yangu. Video ya shamba limekuwa jeupe pe, watoto wanarushiana mabonge ya barafu, na chini yake mtu ameandika: "Na mlituambia dunia inapata joto? Joto liko wapi hapa?" Wa pili anamwita mjinga. Wa tatu anaingiza siasa. Mjadala umeisha, na hakuna aliyejua kitu kipya.

2/ Leo nataka tuuchukue mjadala huu polepole. Uzi ni mrefu, kaa na chai yako. Kama kawaida hapa hatutaji mwanasiasa wala chama, tunapima hoja tu. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Nakuru, si mtaalamu wa hali ya hewa. Na nina sababu ya nyumbani ya kuandika: mjomba wangu ameniuliza swali, na jibu lake lina pesa yake ya mwisho ndani. Nitalifikia.

3/ Tuanze na barafu yenyewe. Mwanzoni mwa Septemba 2008, kule Busara karibu na Nyahururu, kilima kizima kilifunikwa na barafu. Watu walifunga safari kwenda kuona, wakaishika kwa mikono, wengine wakaionja. Wengi walisema hawajawahi kuona kitu kama hicho maishani. Habari ikazunguka dunia: theluji imeanguka Kenya, karibu kabisa na ikweta!

4/ Idara ya Hali ya Hewa ikatoa maelezo: haikuwa theluji. Ilikuwa mvua ya mawe, nyingi mno, ambayo punje zake zilishikana ardhini zikawa kama blanketi moja. Walisema huenda chanzo ni hewa baridi kutoka upande wa Bahari ya Hindi kukutana na hewa yenye joto kutoka upande wa Kongo. Wengi hawakuyapenda maelezo hayo. Theluji ilikuwa hadithi tamu zaidi.

5/ Lakini tofauti hiyo ndiyo hoja yenyewe. Theluji inahitaji baridi kuanzia mawinguni hadi karibu na ardhi. Mvua ya mawe haihitaji hivyo. Inataka jua liwe limechoma ardhi, hewa yenye unyevu ipande kwa nguvu hadi kule juu ambako maji huganda, punje irushwe juu na chini mpaka iwe nzito, ndipo ianguke. Ndiyo maana sisi huku tunapigwa na mawe alasiri, baada ya jua kali la mchana. Muulize mkulima yeyote wa Molo.

6/ Kericho na Nandi ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Miaka ya 1960 kulifanywa majaribio ya kurusha roketi mawinguni, kisha ya kutumia ndege, ili kuokoa majani chai. Kwa hiyo shamba jeupe la Nyahururu halithibitishi kwamba dunia haipati joto. Na tuwe wa haki: siku moja ya mawe haithibitishi pia kwamba inapata joto. Siku moja ni siku moja.

7/ Kama umefika hapa ukashangilia kwamba wenye shaka wameshindwa, ngoja kidogo. Wana hoja ya pili, na hiyo ni nzito kuliko ya kwanza. Wanasema: "Mlitabiri mambo yakakosa kutokea. Kwa nini tuwaamini tena?" Hiyo haijibiwi kwa matusi. Ili tuijibu vizuri, tuanzie mbali kidogo, kwa sababu ubishi kuhusu barafu ya milima yetu umeanza zamani kuliko nchi hii.

8/ Tarehe 11 Mei 1848 mmishonari Mjerumani, Johannes Rebmann, akitokea Rabai kule pwani, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Mwenyeji aliyekuwa akimwongoza hakuwa na neno la theluji. Aliuita tu "baridi". Tarehe 3 Desemba 1849 mwenzake, Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, alikokuwa mgeni wa mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba aliyeitwa Kivoi. Wote wawili wakaandika walichokiona.

9/ Kule London kulikuwa na msomi wa jiografia anayeitwa William Desborough Cooley. Afrika hakuwahi kukanyaga. Akasema haiwezekani: theluji kwenye ikweta? Hao wamishonari macho yamewadanganya. Mwaka 1862 Baron von der Decken na Otto Kersten walipanda Kilimanjaro hadi juu ya mita 4,000 na theluji ikawanyeshea. Cooley bado akaikejeli taarifa yao. Yaani mtu amenyeshewa, na aliyekaa mezani anamwambia hakunyeshewa.

10/ Mwaka 1883 Joseph Thomson alipita Bonde la Ufa, akapita Naivasha, akafika kwenye maporomoko ya Nyahururu ambayo baadaye yaliitwa kwa jina lake, na akauona Mlima Kenya kwa macho yake. Ubishi ukafa. Baadaye nchi nzima ikapewa jina la mlima ambao weupe wake ulikuwa umekanushwa London. Sisi ni Wakenya kwa sababu ya mlima wenye barafu.

11/ Kwa nini nimekupeleka huko? Kwa sababu Cooley alikuwa na kanuni nzuri kichwani, akaitumia kukataa ushahidi. Mwenye video ya mawe ana ushahidi wa jioni moja, anautumia kukataa vipimo vya miaka mia. Wanaonekana tofauti lakini kosa lao ni moja. Kila mmoja alikuwa na jibu mfukoni kabla ya kuangalia.

12/ Sasa vipimo. Mwaka 1912 barafu ya kudumu ya Kilimanjaro, ile inayokaa mwaka hadi mwaka, ilifunika zaidi ya kilomita 11 za mraba. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Kwenye Mlima Kenya, mwisho wa karne ya 19, zilihesabiwa barafu 18 za kudumu, na nyingi hazipo tena. Ile kubwa, inayoitwa Lewis, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Hayo ni ramani, picha na vigingi vya kupimia. Hakuna aliyeyaota.

13/ Halafu kuna utabiri. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson wa Marekani waliandika kwamba, mambo yakiendelea vile, barafu ya Kilimanjaro ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2006 filamu moja mashuhuri ya Marekani ikasema ndani ya muongo mmoja theluji ya Kilimanjaro haitakuwepo. Sasa 2020 imepita. Barafu imebaki kidogo sana, lakini ipo. Tarehe ilikosea. Ukweli usemwe, na usemwe na sisi tunaoamini vipimo kabla haujasemwa na wengine.

14/ Kuna na jambo jingine ambalo wanaharakati wengi hawapendi kulitaja. Wataalamu kama Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy waliandika wazi kwamba barafu ya Kilimanjaro inapungua zaidi kwa sababu ya ukavu. Tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya huku ilikauka, theluji mpya ikapungua, na jua likawa linaipeleka barafu hewani moja kwa moja bila hata kuyeyuka maji. Mwaka 2007 jaji mmoja wa London, akiamua kesi ya ile filamu kuonyeshwa mashuleni, alisema haijathibitika kwamba kupungua kwa theluji ya Kilimanjaro kunatokana hasa na binadamu.

15/ Kwa hiyo ukikutana na mtu anasema "Kilimanjaro ilikuwa uongo", mtenganishie mambo matatu. Moja, barafu imepungua: hilo limepimwa, halina ubishi. Mbili, tarehe ya kwisha: ilitabiriwa, ikakosea. Tatu, sababu pale Kilimanjaro: ni ukavu na joto, na wataalamu wenyewe wamebishana uzito wa kila moja. Kukosea namba mbili hakufuti namba moja. Na ukweli wa namba moja hauihalalishi namba mbili.

16/ Hata zile picha za Kilimanjaro imejaa theluji baada ya msimu mzuri wa mvua haziongezi chochote. Theluji mpya huja na kuondoka. Mwenye kibanda anaweza kuuza vizuri sana wiki ya sikukuu na bado mwisho wa mwaka duka limekula mtaji. Anayejua hali ya duka ni anayesoma daftari lote.

17/ Sasa turudi nyumbani, kwa sababu sisi watu wa Nakuru tuna Kilimanjaro yetu, na inaitwa ziwa. Ukiwa na umri kama wangu unakumbuka. Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilipungua likawa karibu kukauka, upepo ukawa unapeperusha vumbi la magadi. Mwaka 2009 kiangazi kikali kikalirudisha chini tena. Heroe wakahama. Kila aliyeshika kipaza sauti akasema: ziwa hili linakufa.

18/ Na sababu ilikuwepo, tena ilionekana kwa macho. Mwaka 2001 serikali ilikata sehemu kubwa ya Msitu wa Mau, zaidi ya hekta 60,000, na zaidi ya nusu yake ilikuwa Mau Mashariki, kule ambako mito Njoro, Makalia na Nderit inatoka kuja ziwani. Mto Njoro ukawa unakauka kiangazi. Hesabu ikaonekana rahisi: msitu umeisha, mto umekauka, basi ziwa limekwisha.

19/ Mjomba wangu aliisikia hesabu hiyo kama sisi sote. Alikuwa amestaafu mwaka huo huo wa 2009, na pesa ya kiinua mgongo mkononi. Akaonyeshwa ploti upande wa chini wa Mwariki, bei nafuu. Aliyemwuzia alimwambia, "Mzee, ziwa linarudi nyuma kila mwaka, wewe jenga." Mjomba si mjinga. Aliuliza watu, akasoma magazeti, na magazeti yalisema hivyo hivyo. Akajenga vyumba vitatu na choo cha nje, akapanda ndizi.

20/ Januari 2010 ziwa lilikuwa na kilomita za mraba kama 32. Septemba 2013 lilikuwa na karibu 55. Ndani ya miaka minne liliongezeka zaidi ya asilimia 70! Maji yakameza lango kuu la hifadhi pamoja na majengo yake, barabara, na ua wa umeme. Ndizi za mjomba zikaoza mizizi. Mvua za 2019 na 2020 zikamalizia kazi: maji yakaingia sebuleni. Sasa anapanga chumba kimoja Free Area.

21/ Hakuwa peke yake. Baringo, Bogoria, Naivasha, Elementaita, hata Turkana na Viktoria, yote yalipanda. Ripoti ya serikali ya 2021 ilihesabu kaya 75,987 zilizohitaji msaada. Watu wakaanza kuogopa kwamba Baringo yenye maji baridi na Bogoria yenye chumvi yatakutana. Na kwenye mikutano ya hadhara wimbo ukabadilika. Ule ule mdomo uliosema ziwa linakufa ukasema: hawa wataalamu wa tabianchi hawajui kitu, si walisema tutakufa kwa ukame?

22/ Nini kilitokea? Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji huingia kwa mvua, mito, chemchemi na maji ya mji, na hutoka kwa jua tu. Ni kama akaunti ya benki. Waliosema litakauka waliangalia mlango mmoja, msitu, wakausahau mkubwa kuliko wote, mvua. Ile ripoti ya 2021 ilitaja mvua iliyoongezeka tangu karibu 2010 kuwa chanzo kikuu, pamoja na matumizi mabaya ya ardhi na matope yanayojaza sakafu ya ziwa. Mitikisiko ya chini ya Bonde la Ufa nayo ilitajwa.

23/ Na Mau? Hapa wengi hukosea. Msitu ukikatwa, mto hukauka kiangazi, kweli. Lakini mvua ikinyesha, maji hayazami ardhini, yanakimbia juu juu na udongo wake hadi ziwani. Shina moja linazaa kiu na mafuriko. Aliyesema Mau ina maana alikuwa sawa. Aliyegeuza hiyo ikawa "ziwa litakauka, jenga" ndiye aliyemwumiza mjomba wangu.

24/ Joto nalo linaingia wapi? Hewa ikipata joto kwa digrii moja ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba unyevu unaongezeka kwa takriban asilimia 7. Kwa hiyo dunia yenye joto zaidi si lazima iwe dunia kavu kila mahali. Inaweza kukunyima mvua misimu mitano mfululizo, kama ilivyokuwa kaskazini na mashariki mwa nchi kuanzia mwisho wa 2020, halafu ikakumwagia yote kwa mpigo. Bahari ya Hindi nayo ina zamu zake: mwishoni mwa 2019 upande wetu ulikuwa na joto kuliko kawaida kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo, na mvua tuliiona.

25/ Nisieleweke vibaya. Sisemi kila futi ya maji pale Mwariki ni ya moshi wa viwanda. Mvua kubwa zilikuwepo. Wazee wanaikumbuka mvua ya 1961, ile waliyoiita mvua ya Uhuru, ambayo ilipandisha Ziwa Viktoria zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache. Ziwa Naivasha miaka ya 1890 lilikuwa juu sana. Maziwa yetu hupumua. Ila sasa tunabahatisha na mapafu yaliyovurugwa, halafu tumejenga kifuani.

26/ Wenye shaka wana hoja moja zaidi ambayo naiunga mkono kabisa. "Mabadiliko ya tabianchi" yamekuwa kichaka cha kujificha. Mei 2018 ukuta wa bwawa ulipasuka usiku kule Solai, watu wasiopungua 47 wakafa. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli ya zamani yalishuka na matope na mawe, makumi ya watu wakafa wakiwa usingizini. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo. Lakini ukuta wa bwawa na mtaro ulioziba ni kazi ya binadamu mwenye cheo na bajeti. Ukisikia kiongozi analaumu anga tu, muulize nani alipaswa kukagua.

27/ Kosa la upande wa pili tuliliona 2023. Idara ya Hali ya Hewa ilitabiri mvua kubwa ya vuli kwa sababu ya El Niño. Oktoba sauti za juu zikatangaza kwamba ile El Niño ya kuharibu haitakuja, ni mvua ya kuzidi kidogo tu. Watu wakapumua. Novemba mafuriko yakaja, na kufikia Desemba zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa nchini. Wataalamu walikuwa wametaja uwezekano. Sisi, na waliotuongoza, tulitaka ahadi.

28/ Nadhani hapo ndipo shida yetu ilipo. Mtaalamu akisema "kuna uwezekano mkubwa", mwanahabari anaandika "itatokea", mwanasiasa anatangaza "nimehakikishiwa", na muuza ploti anasema "wewe jenga". Neno "huenda" linadondoka njiani. Mambo yakienda kinyume, anayelaumiwa ni yule aliyelisema mwanzoni. Aliyelidondosha hatumkumbuki.

29/ Sasa swali la mjomba. Miezi ya karibuni maji yamerudi nyuma kidogo, paa la nyumba yake na nusu ya kuta vinaonekana. Mtu fulani amemwambia ziwa limeanza kushuka na litarudi lilivyokuwa. Mjomba ana mabati ishirini aliyokuwa ameyaokoa na akiba kidogo. Jumapili moja baada ya chakula akaniuliza: "Mwalimu, nirudi nijenge, au nisirudi?"

30/ Nikaanza kumweleza kuhusu joto na unyevu. Akanikatiza. "Wewe na wenzako mlisema litakauka. Nikaamini, nikanunua. Sasa mnasema dunia inapata joto kwa hiyo litajaa. Kesho mtasema nini?" Nilinyamaza, jamani. Kwa sababu kwa upande wake, shaka yake ameilipia. Si ya mtandaoni. Anayemwita mtu kama huyu mjinga anapaswa kwanza aione ile nyumba.

31/ Nikafikiria, mimi ni mwalimu wa historia, nimpe basi ninachokijua. Nikamwambia habari ya Naivasha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati wa wakoloni, wenye mashamba kando ya Ziwa Naivasha waliona ziwa linashuka na ardhi mpya inatokea. Wakaelewana na serikali: ardhi hiyo mnaweza kulima na kulisha mifugo, lakini msijenge kitu cha kudumu. Kwa nini? Kwa sababu ziwa lilikuwa limewahi kuwa juu, na hakukuwa na hakika kwamba halitarudi.

32/ Angalia walichofanya. Hawakutabiri. Hawakusema litapanda, hawakusema litashuka. Walichukua alama ya ziwa lilipokuwa juu, wakasema chini ya hapa hakuna nyumba. Kanuni hiyo ilikuwa ya walowezi waliokuwa wakilinda mali yao, sitaki kuipamba, na ardhi yenyewe ina historia yake chungu kwa Wamaasai. Lakini hesabu ilikuwa sahihi. Miaka baadaye watu walijenga mtaa wa Kihoto, Naivasha, pembeni mwa ziwa hilo hilo. Maji yaliingia 2020, yakaingia tena 2025. Waliozama wengi ni wapangaji, na hakuna aliyewahi kuwaambia habari ya hiyo alama.

33/ Kwa hiyo ukikuta mjadala huu tena, iwe ni mkutanoni, kwenye matatu au hapa, jaribu maswali haya manne:
a) Unaniambia habari ya siku moja au ya miaka hamsini?
b) Hiki ni kipimo cha kilichotokea, au ni utabiri wa kitakachotokea?
c) Kama ni utabiri, aliyeutoa alisema "huenda", au hilo neno limedondoshwa na aliyekuletea?
d) Ukikosea, nani analipa? Wewe unayesema, au mwenye ploti?

34/ Swali la nne ndilo huwanyamazisha watu. Aliyesema ziwa linakufa hakupoteza hata bati moja. Aliyetangaza El Niño haitatuumiza alilala mahali pakavu. Anayecheka leo na video ya mawe ya Nyahururu hana viazi kwenye lile shamba. Na anayemtukana hana pia.

35/ Mjomba alisikiliza habari ya Naivasha hadi mwisho. Akauliza kitu kimoja: "Hiyo alama ya juu, ya ziwa letu iko wapi?" Nikamwambia ile tuliyoiona sisi wenyewe iko ukutani mwa nyumba yake, ule mstari wa chumvi juu kidogo ya dirisha. Akacheka kidogo, kicheko ambacho sikukipenda. Wiki iliyofuata alikwenda akapanda nyasi za ng'ombe na sukuma. Mabati bado yameegemea ukuta kule Free Area. Kila nikienda nayahesabu. Hajaamua, na mimi sijamsukuma.

36/ Nina ombi. Wenye picha za zamani za Ziwa Nakuru, Elementaita au Naivasha, za harusi, za ziara ya shule, yoyote inayoonyesha maji yalikuwa wapi na mwaka gani, ziwekeni hapa chini. Na wazee wa Nyahururu waliokuwepo Busara 2008, tuambieni barafu ile ilikaa muda gani kabla ya kuyeyuka, na mashamba yalikuwaje baada yake. Anayekubali na anayekataa, wote karibuni. Matusi nitayafuta.